Jembe la Mkwe

1

Ukimwona mtu mzima, tena msomi wa chuo kikuu, amejifunika turubai jeusi katikati ya shamba la watu saa sita mchana, miguu tu ndiyo inayoonekana, utasema huyu jua limemwingia kichwani. Na Namkunda, mwenye shamba, hakuwa mtu wa kumeza neno likimfika mdomoni.

"Bibi shamba! Humo ndani unatafuta nini? Kama ni usingizi, kitanda ninacho."

"Dakika moja tu, mama."

"Dakika moja umeisema tangu ulipoingia. Wajukuu zangu wakicheza kombolela wanajificha vizuri kuliko wewe."

Chini ya turubai Nanzia Mshana hakucheka. Jasho lilimtiririka mpaka machoni, pua imekaribia kugusa udongo, na mkononi kashika taa ndogo ya zambarau. Kila afisa ugani wa Chuo Kikuu cha Nyanda Kavu alikuwa nayo taa hiyo, na katika kijiji hiki cha Mtindili haikutakiwa kuonyesha kitu chochote. Alifukua kidogo penye shina la hindi, akamulika. Udongo ukang'aa buluu.

Alizima taa. Akafumba macho, akayafumbua, akamulika upande wa pili wa shina. Buluu tena! Nyuzi nyembamba zimejisokota kwenye mizizi, nazo zimeshika vitone vya maji, maji kweli, kwenye kilima ambacho hakijaonja mvua tangu mahindi yalipofika magotini.

"Mungu wangu," alisema.

"Umeona nyoka?"

"Hapana, mama. Hakuna nyoka."

Laiti angekuwa nyoka. Nyoka unampiga, mambo yanaisha.

Alijitoa chini ya turubai, akakung'uta magoti, akatazama alipo. Mtindili nzima ilikuwa imekauka. Mahindi yalisimama mashambani yamepauka, upepo ukipita majani yanasuguana kwa mlio mkavu unaoumiza meno. Lakini hapa, kwenye kona ya chini ya shamba la Namkunda, panapoteremkia chemchemi ya kijiji, palikuwa na kipande cha kijani kibichi. Mabua manene, kila bua limebeba, ndevu za mahindi zimeshaanza kukauka kuonyesha kwamba ndani kuna kitu cha kutia mdomoni.

"Walokole wanasema ni maombi yangu," Namkunda alisema, mikono kiunoni. "Majirani wengine wanasema ni uchawi wangu. Wewe umesoma, hebu wape jina."

"Nitakwambia, mama. Nipe nafasi nikahakikishe kwanza."

"Hakikisha. Ila ukirudi, njoo na njaa. Wajukuu wangu wanne nimewakataza hata kuyagusa. Wanakula unga wa msaada na kuyatazama tu. Nimesema hindi la kwanza ni la bibi shamba, maana msimu mzima ndiye aliyekuwa anatupandia kilima huku wenzake wanatuangalia kwa droni."

Nanzia aliteremka kwenda kwenye gari akiwa ameinamisha kichwa. Alijua kabisa ni kitu gani alichokiona, na alijua anatakiwa akifanye nini.

2

Kile kitu kiliitwa chachu. Kilikuwa kiumbe hai, kuvu na bakteria waliounganishwa maabara mpaka wakawa kitu kimoja. Unakimwaga shambani kwa mfuko, kinatandaza nyuzi zake chini, usiku kinakunywa umande na unyevu wa hewa, mchana kinaigawia mizizi. Hindi lenye chachu lilitoboa kwa mvua ambayo hindi jingine lingefia hapo hapo. Na ili isije ikajificha, wasomi walikuwa wameitia alama inayong'aa buluu ukiimulika kwa zambarau.

Vijiji viwili vilivyopakana vilikubali kuijaribu. Watu walinyoosha mikono wakijua kabisa kwamba mifuko ya kijiji kimoja itakuwa na chachu hai, na ya kijiji cha pili itakuwa na chachu iliyochemshwa ikafa, ili tofauti ionekane. Rangi moja, harufu moja, mifuko imeshonwa sawasawa. Ukweli ungetangazwa baada ya mavuno ya tatu, kisha wote wapewe. Haya yalikuwa mavuno ya tatu. Kwenye makaratasi hakuna mwanakijiji aliyejua nani kapata nini. Ila Kivungo, ng'ambo ya mgongo wa kilima, ilikuwa imestawi mpaka inaonekana kutoka barabarani, na watu wa Mtindili si vipofu.

Nanzia aliliambia gari lisiondoke. Akaita chuoni. Sura ya Profesa Kajiru Mrutu ikatokea kwenye kioo cha mbele, miwani imepandishwa kwenye paji la uso.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Mbona umekunja sura?"

"Chachu iko Mtindili."

Profesa alishusha miwani, akaivua kabisa, akabaki ameishika.

"Eneo gani?"

"Kona ya shamba moja. Si kubwa."

"Karibu na maji?"

"Chemchemi iko chini yake."

"Choma," Profesa alisema.

"Profesa..."

"Choma, Nanzia, leo au kesho. Ijumaa droni ya Mamlaka ya Udongo inapita juu yenu. Ikiona buluu upande wa Mtindili, jaribio limekufa. Tutaanza upya na vijiji vingine, misimu mitatu mingine. Wilaya zinazoingoja chachu unazijua, wewe mwenyewe umekwenda huko ukarudi unalia."

"Nilikwenda."

"Na hilo la jaribio ndilo dogo." Sauti ilimshuka. "Kwetu ni bonde la Hekuru. Kampuni ilituletea chachu ya kwanza bila kuijaribu. Mwaka wa kwanza tulicheza ngoma. Mwaka wa pili ikateremka kwenye visima, ikavinywa vyote, maana ile haikujua kushiba. Siku tunahama nilimkuta mama yangu amekaa kwenye ukingo wa kisima chetu. Anatupa kijiwe, anasikiliza. Anatupa kingine, anasikiliza. Hii ya sasa tumeifundisha kushiba, na ninaamini imejifunza. Lakini sijui! Ndiyo maana nilitaka kijiji cha kulinganisha, na chemchemi safi ya kulinganishia."

Nanzia alitazama kilimani. Namkunda alikuwa bado amesimama kwenye kipande chake cha kijani, anafukuza ngedere kwa kupiga debe.

"Nimwambie nini mwenye shamba?"

"Mwambie ni ugonjwa. Ukungu wa mizizi. Ugonjwa wanaujua, hawatauliza sana."

"Ni uongo."

"Ni uongo, ndiyo. Nitaubeba mimi."

"Utaubeba ukiwa huko, Profesa. Wa kuutamka ni mimi."

Profesa alivaa miwani yake, akasema pampu ya moto iko nyuma ya gari, kioo kikawa kioo tena.

3

Kabla ya kuchoma, Nanzia alitaka kujua imefikaje. Hilo halikumpa raha hata kidogo, maana kanuni za usafi alizitunga yeye. Pale kwenye kizuizi kati ya vijiji viwili kulikuwa na dimbwi la dawa. Ukipita unaosha viatu, gari linaoshwa matairi, mbuzi wanatumbukizwa kwato. Watu walimcheka sana kwa ajili ya kwato za mbuzi, na yeye akashikilia hapo hapo.

Alimkuta Mbonea shambani kwake Kivungo. Huyu ndiye aliyemwoa binti wa Namkunda, kijana mrefu mwenye aibu, anayeongea huku anatazama vidole vya miguu yake.

"Shemeji, ulikwenda lini ukweni?"

"Wakati wa kupanda, dada. Tulikwenda vijana wa ukoo kumlimia mama. Ile kona ya chini tuliimaliza kabla jua halijawa kali."

"Pale kizuizini mliosha viatu?"

"Tuliosha viatu, tukaosha na miguu. Kuna mwenzetu aliosha mpaka kofia, alitaka kukuchokoza."

"Na majembe?"

Mbonea aliinua macho kwa mara ya kwanza, akamwangalia kama aliyesikia tusi.

"Jembe la kwenda ukweni linaoshwaje, dada? Wewe si mtoto wa milima hii?"

Nanzia akakaa chini, pale pale kwenye tuta.

Alikuwa mtoto wa milima hii, tena wa kuzaliwa. Aliliona jambo hilo tangu hajaota meno ya pili. Mkwe akija kuwalimia wakwe, jembe lake huja na udongo wa shamba lake mwenyewe umegandamana, kuonyesha kwamba ameacha kazi yake katikati kwa ajili yao. Akija na jembe safi, ujumbe umefika: huyu alikuwa amelala, sasa amekuja kula. Mabinti wamewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya jembe linalong'aa. Nanzia alikuwa amekaa ofisini mjini, akafikiria viatu, akafikiria matairi, akafikiria hadi kwato za mbuzi, na jembe la mkwe likampita kama hakuwahi kuliona.

"Tena mimi," Mbonea aliendelea, sasa anajisifu kidogo, "nililichovya kwenye tope la shambani, nikaliacha ligande, nikalichovya tena. Mama mkwe alipoliona alinipa kiti mwenyewe."

Nanzia alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yale machozi hayakuwa yote ya kicheko.

"Kuna ubaya, dada?"

"Mahindi uliyomlimia mama mkwe wako yamestawi."

Uso wa kijana ulichanua. "Kweli? Basi mkono wangu una baraka!"

Nanzia alimshika bega, akaondoka.

4

Asubuhi yake alipanda kilima na pampu mgongoni. Ilikuwa nzito, na kila hatua mafuta yalicheza ndani. Njiani alijifunza maneno yake kama mtoto anayekwenda kusoma shairi mbele ya darasa. Mama, ni ugonjwa. Ukungu wa mizizi. Tusipochoma utaenea. Maneno mafupi, yanatamkika.

Namkunda alikuwa jikoni. Aliposikia hodi alitoka na hindi la kuchoma mkononi, punje zimeiva hudhurungi, moshi unatoka bado. Wajukuu wanne walimfuata nyuma, macho yote yako kwenye hindi, adabu imewashika midomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea jina?" Kisha akaona mgongo. "Mzigo gani huo?"

"Pampu."

"Ya dawa?"

Lo! Mlango ulifunguka wenyewe. Ilikuwa aseme "ndiyo", neno moja tu, kazi imekwisha. Wilaya zote zile zingepata chachu mwakani, chemchemi ingekuwa salama, na huyu mama angelia siku mbili tatu kisha angesahau. Nanzia alifungua mdomo. Namkunda akamtilia hindi mkononi, la moto.

"Si ya dawa, mama," Nanzia alisema. "Ni ya moto."

Akasema yote. Alisema akiwa amesimama, pampu bado mgongoni: mfuko uliochemshwa, jembe la Mbonea, droni ya Ijumaa, agizo la Profesa, na ule uongo aliokuja nao akiwa ameukariri. Namkunda alisikiliza bila kumkatiza, na hilo peke yake lilitisha.

"Kwa hiyo mfuko wangu ulikuwa udongo mfu."

"Ndiyo, mama."

"Hilo tulilijua. Tulinyoosha mikono, tukakubali kwamba mmoja atangoja, na tumengoja. Njaa imetukuta tunangoja, sikukununia hata siku moja." Sauti yake ilianza kupanda. "Lakini wewe umekuja na moto kabla hujaja na maneno! Umeniamkia shikamoo na moto mgongoni. Mimi nimekuchomea hindi la kwanza, watoto wangu wanalitazama hivi, na wewe umekuja kuniunguzia hata lile la mwisho?"

"Nisamehe, mama."

"Sikusamehe. Bado nimekasirika." Alivuta pumzi. "Ikiingia kwenye maji, itakuwaje?"

"Sijui."

"Profesa wako anajua?"

"Hajui. Anaogopa."

"Na wewe?"

"Naogopa sana."

"Haya," Namkunda alisema, akakaa kwenye kigoda. "Sasa tunazungumza. Kula hilo hindi, hasira zangu hazihusiani na tumbo lako. Wagawie na hao watoto."

Walikula kimya, wanapokezana, mpaka likabaki gunzi. Namkunda akalitia gunzi kwenye mfuko wa kanzu yake, maana kwake hakuna kilichotupwa, kisha akamtuma mjukuu mkubwa kwa mwenyekiti.

"Mwambie apige baragumu. Maji si ya mtu mmoja. Na aipige ya msaragambo, ya kuitana kazini, wa Kivungo nao wasikie."

5

Baragumu ya msaragambo ikilia katika milima ile, mtu haulizi kuna nini. Anachukua jembe, anakwenda. Kabla ya adhuhuri Mtindili yote ilikuwa imejaa juu ya shamba la Namkunda, na watu wa Kivungo walizuiwa pale mpakani kwa ombi la Nanzia, wamesimama na majembe mabegani wakishangaa. Profesa alikuwa amefika pia. Alipiga simu tangu alfajiri bila kujibiwa, akaona bora aje, na ndani ya gari lake vijana wawili walikaa na pampu mbili.

Nanzia alirudia maneno yote mbele ya watu. Ilikuwa vigumu kuliko mara ya kwanza. Alipomaliza, bwana mmoja aitwaye Mrindoko alipiga kelele.

"Tuchome nini? Si ndiyo hiyo chachu tuliyoahidiwa? Kila mtu achukue kikapu kimoja cha udongo, aondoke! Jioni kijiji kizima kitakuwa nayo, tuone droni itamfunga nani!"

Watu waliitikia. Wengine walishaanza kuteremka, vikapu wanavyo. Nani awalaumu? Profesa akakimbia, viatu vyake vya mjini vikiteleza, akasimama mbele ya mahindi akiwa ametandaza mikono.

"Nisikilizeni kwanza, jamani! Kisha mnipige mkitaka."

Akawaeleza habari za Hekuru. Hakutumia neno moja la kisomi. Alipofika kwenye ukingo wa kisima na vijiwe, Mrindoko aliweka kikapu chini polepole.

"Mbona haya hukuyasema siku ile ya kunyoosha mikono?" Namkunda aliuliza.

"Niliona aibu, mama. Niliona hamtakubali."

"Pengine tusingekubali. Na ingekuwa haki yetu."

Nanzia aliona wakati wake ndio huo. Alichukua turubai, akalitandika kwenye ukingo wa juu wa kile kipande, akawaita waingie wawili wawili na taa waone wenyewe. Waliingia wote, hata mwenyekiti na kitambi chake. Kila aliyetoka alisema lile lile: buluu imeishia pale jembe lilipoishia. Mbele yake, upana wa kiganja tu, hakuna kitu. Upande wa kulia vivyo hivyo, na wa kushoto pia.

"Basi inajua kushiba!" alisema mwenyekiti.

"Bado upande wa chini," Nanzia alisema.

Walihamisha turubai. Nanzia aliingia na Namkunda. Pale, kwenye mteremko wa kuelekea chemchemi, nyuzi chache za buluu zilikuwa zimevuka tuta la mwisho. Hazikwenda mbali, kiasi cha urefu wa mkono, lakini zilikuwa zimevuka.

"Zinafuata maji, au zilisombwa na mvua ya kwanza?" Namkunda alinong'ona.

"Sijui, mama. Hakuna anayejua. Kujua ni mpaka tuzitazame."

Walipotoka, Nanzia hakungoja Profesa aanze.

"Hatuchomi kote, wala hatugawani," alisema. "Mistari ya chini, iliyo karibu na maji, ing'olewe ichomwe. Kati yake na chemchemi tuchimbe mtaro mpaka kwenye mwamba, tuujaze chokaa. Iliyobaki iachwe ikomae, na watu wa Mtindili waitazame kwa taa kila wiki. Ikivuka mtaro, nitachoma mwenyewe na hakuna atakayenizuia. Na habari hizi nazipeleka Mamlaka leo, na picha, kabla droni yao haijaruka."

"Jaribio litakuwa limekufa," alisema Profesa.

"Limeshakufa, Profesa. Lilikufa siku Mbonea alipochovya jembe kwenye tope. Hili ni jingine, na wenye shamba wanalijua."

"Na wanaongoja kule? Mwaka mzima mwingine, pengine miwili, watoto wao wanalala njaa. Utawaambia nini?"

Hapo Nanzia alijua swali ni la kweli. Aliziona nyuso za kule, moja moja.

"Nitakwenda kuwaambia mwenyewe," alisema mwishowe. "Nikifika na chachu niliyoifichia uongo, nitakuwa kama waliowaletea ninyi ile ya kule Hekuru."

Wote wakamgeukia Namkunda, kwa kuwa shamba lilikuwa lake, na mistari ya chini ndiyo iliyobeba kuliko yote. Mama wa watu aliyatazama mahindi yale. Akawatazama wajukuu.

"Nipeni hiyo pampu," alisema. "Kama ni kuchoma, nachoma mimi. Chimbeni mtaro wenu."

Watu wa Kivungo waliruhusiwa kusogea. Walikuja kwa vishindo, Mbonea mbele, jembe lake begani limegandamana tope jekundu mpaka kwenye mpini. Nanzia akamzuia kwenye ukingo wa shamba.

"Jembe hilo haliingii hapa mpaka lioshwe, shemeji."

Mbonea alitazama vidole vya miguu yake.

"Dada, unataka nisimame mbele ya mama mkwe na jembe lililooshwa? Mbele ya vijiji viwili? Heri nirudi nyumbani sasa hivi."

Na wenzake nyuma yake nao wakaanza kurudi nyuma, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mkwe wake Mtindili. Nanzia alihisi kila kitu kinamponyoka. Bila watu wa Kivungo mtaro usingeisha kabla giza halijaingia, na akisema wachimbe hivyo hivyo, ni kuipanda chachu kwa majembe arobaini.

Namkunda aliweka pampu chini. Aliingia ndani ya nyumba, akatoka na ndoo, ndoo yenyewe ikiwa ya maji ya kunywa ya siku hiyo, na beseni la kukingia. Alipita watu wote mpaka alipo mkwe wake, karibu kuliko mama mkwe anavyotakiwa kumkaribia. Akamnyang'anya jembe mkononi. Akachuchumaa, akatoa gunzi mfukoni, akaanza kulisugua, maji mekundu yanadondokea beseni.

"Ukiliosha wewe, ni uvivu," alisema bila kuinua kichwa. "Nikiliosha mimi, ni kwamba nimeiona kazi yako. Nimeiona, mwanangu. Imenilisha hindi."

Mbonea alilipokea jembe likiwa linametameta, mikono yake miwili, magoti yamekunjwa.

"Mkwe wangu mimi yuko wapi?" sauti ya mama mmoja ilipasuka kutoka nyuma. "Lete jembe hapa!"

Ndipo kina mama wa Mtindili walipoanza kuteremka na ndoo zao, kila mmoja anaita jina. Maji ya kunywa ya kijiji yaliisha siku hiyo kwenye majembe. Maji machafu yote Nanzia aliyamwaga kwenye pipa, akawasha moto chini yake, yakachemka mpaka kila kilicho hai humo kikafa.

Namkunda alichoma mistari yake mwenyewe. Moshi ulinukia mahindi matamu, na wajukuu walilia kwa sauti, wala hakuna aliyewanyamazisha. Majembe yakaanza kuchimba. Profesa alikwenda peke yake hadi kwenye chemchemi. Nanzia alimwona anaokota kijiwe, anakitupa, anainamisha sikio. Alirudi amekunja mikono ya shati, akawaambia wale vijana wake wawili waache pampu wachukue sururu.

Nanzia aliketi ndani ya gari, akaandika taarifa ya Mamlaka, akaanza na jina lake mwenyewe na kosa la jembe. Hakulifunika. Kisha akaituma. Pengine keshokutwa asingekuwa na kazi. Alishuka, akatoa jembe lililokaa nyuma ya gari miaka yote bila kuguswa, akaliosha kwa maji yaliyobaki kwenye chupa yake, akateremka mtaroni.

Namkunda alimsimamisha njiani, uso umejaa masizi.

"Hilo limeoshwa?"

"Limeoshwa, mama. Nimeliosha mwenyewe."

Namkunda aliligeuza, akalitazama mbele na nyuma. Lilikuwa safi kabisa.

"Bado nimekasirika," alisema.

Kisha akachuchumaa, akavuta ndoo yake iliyobaki na maji kidogo ya mwisho, akachukua gunzi, akaliosha tena.